Nyumba iko Lubumbashi, wewe uko Kolwezi: poti moja inatosha

Watu wengi wa Lubumbashi wanaofanya kazi Kolwezi, Fungurume au Likasi huacha nyumba kwa sentineli na kamera. Siku hizi kuna zaidi ya kamera: pompi ya foraji inayowashwa kwa simu, inverta inayoonyesha betri imebaki na asilimia ngapi, taa za uani, geti. Vyote vinaitika vizuri ukiwa ndani ya parseli. Ukitoka nje ya Wi-Fi ya nyumbani, simu inazungusha kiduara bila kufungua kitu. Hapo fundi huitwa aje "kufungua poti", yaani mlango wenye namba ambao ujumbe wa nje huingilia kwenye ruta, na mara nyingi hufungua poti ambayo haiwezi kufunguka, au ile ambayo haikupaswa kufunguliwa kamwe.

Nitazungumzia nyumba yenye kitu chake cha ndani: Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumba) kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kinasa picha cha kamera, au ruta ya MikroTik. Kama kamera yako uliiunganisha kwa kusoma QR na simu, na picha inaonekana popote ulipo, haihitaji poti yoyote. Yenyewe hutoka kwenda kwenye seva za mtengenezaji na kukusubiri huko. Usimlipe mtu akufungulie kitu ambacho tayari kinapita.

Namba mbili kabla ya chochote

Fungua ukurasa wa modemu au ruta yako. Modemu nyingi za 4G za Huawei ziko 192.168.8.1, TP-Link huwa 192.168.0.1 au 192.168.1.1, MikroTik 192.168.88.1. Tafuta hali ya WAN, yaani upande wa ruta unaotazama mtandao wa nje. Menyu ikiwa ya Kifaransa utaona "Adresse IP WAN". Iandike pembeni. Kisha, simu ikiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, zima data ya laini yako na VPN yoyote, na ufungue ifconfig.me. Kwenye kompyuta ni amri moja:

`curl -4 ifconfig.me`

Namba mbili zikifanana, una anwani ya umma na kazi iliyobaki ni ya nusu saa. Zikitofautiana, kuna kifaa kingine mbele yako kinachogawa anwani moja kwa watu wengi, na sheria yoyote utakayoandika kwenye ruta yako haitafikiwa na kitu.

Tofauti hiyo ina sababu mbili, na dawa zake ni mbalimbali. Namba ya WAN ikianza na 192.168, mara nyingi kizuizi kimo humu humu ndani: umeweka ruta yako nyuma ya modemu ya kampuni, na zote mbili zinafanya NAT, yaani kuweka vifaa vingi nyuma ya anwani moja. Hilo liko mikononi mwako. Weka modemu katika hali ya daraja ("mode bridge"), au kama haina hali hiyo, iingize anwani ya ruta yako kwenye sehemu ya DMZ ya modemu ili kila kinachofika kipelekwe kwa ruta. Ukimaliza, soma tena WAN ya modemu yenyewe, maana huenda nayo iko nyuma ya kifaa kingine.

Namba ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hakuna la kubishana: hilo ni eneo lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za mtandao zinazoweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ikianza na 10 kwenye laini ya 4G, karibu kila mara ni jambo lile lile. Na hata ikiwa namba nyingine kabisa inayoonekana ya kawaida, kama haifanani na ile ya ifconfig.me, hesabu kwamba huna anwani ya umma.

Sababu ya haya yote ni uhaba. IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za mtandao, ina anwani takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Mafungu ya mwisho ya hazina kuu yaligawiwa Februari 2011, na AFRINIC, inayogawia Afrika, iliingia awamu ya mwisho ya kubana mgao Januari 2020. Kampuni ya simu yenye wateja wengi haiwezi kumpa kila mmoja anwani yake. Kwa hiyo simu yako ikiwa Kolwezi ikituma ujumbe kwenye ile anwani ya pamoja, mashine ya kampuni inaangalia orodha yake, haioni nani aliuomba, inautupa. Sheria uliyoiandika kwenye modemu inaweza kuwa sahihi hadi herufi ya mwisho. Ujumbe haukuwahi kuifikia.

Starlink, iliyopata leseni ya Kongo Mei 2025, iko vivyo hivyo kwenye vifurushi vya kawaida vya nyumbani, na ruta yake haina hata sehemu ya kuelekeza poti. Inatoa IPv6, mfumo mpya wenye anwani tele, lakini ili uitumie unahitaji ruta yako mwenyewe yenye ukuta wa moto (kichujio cha kinachoingia na kutoka) unaoelewa IPv6, na simu yako huko uliko nayo iwe na IPv6. Kwa nyumba nyingi ni kujitafutia kazi.

Inafaa kuuliza kampuni yako kabla ya kukata tamaa, hasa ukiwa na faiba au mkataba wa biashara. Uliza kwa maneno ya kazi yao: "adresse IPv4 publique". Usikubali kuuziwa "IP fixe" kwa bei kubwa kabla hujajua unachohitaji. Ya umma na isiyobadilika ni mambo mawili. Anwani ya umma inayobadilika kila siku inakutosha, kwa sababu jina la DDNS, yaani jina la mtandaoni linalojisasisha anwani ikibadilika, litaifuata. Isiyobadilika lakini si ya umma haikusaidii kitu.

Poti ipi, na kwa nini si zile nyingine

Fundi wa kamera akija, kwa kawaida hufungua zile zilizo kwenye karatasi ya kifaa: 80 kwa ukurasa wa kinasa, 554 kwa video ya RTSP, 8000 kwa Hikvision, 37777 kwa Dahua. Wa Home Assistant hufungua 8123. Picha inaonekana, mwenye nyumba anafurahi, fundi anaondoka. Kuanzia saa hiyo ukurasa wa kuingilia wa kinasa chako unaonekana na dunia nzima.

Si jambo la kutisha watu bure. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu ya ZMap kwamba kompyuta moja yenye laini ya gigabiti inaweza kupitia IPv4 yote, kwa poti moja, chini ya saa moja. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilijaza jeshi lake kamera na vinasa picha kwa kujaribu orodha ya majina na nenosiri za kiwandani zipatazo 60; Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo lilishambulia kampuni ya Dyn na tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki. Na nenosiri zuri pekee halikulindi: Septemba 2021 Hikvision ilitangaza kasoro, CVE-2021-36260, iliyomruhusu mtu kuendesha amri kwenye kamera bila nenosiri lolote. MikroTik nayo ilikuwa na yake mwaka 2018 kupitia poti ya Winbox, programu ya kuiendeshea ruta hizo, 8291. Kasoro zote hizo zilitolewa marekebisho, lakini kamera iliyofungwa ukutani Bel-Air miaka mitano iliyopita, nani aliwahi kuisasisha?

Kuhamisha 8123 kwenda 48123 nako si kujificha. Poti zote ni 65,535, na anayepekua hachoki.

Kwa hiyo ninachopendekeza, na sioni nyumba ya kawaida isiyotoshwa nacho, ni poti moja tu: UDP 51820, ya WireGuard, programu ya VPN inayojenga handaki lililofungwa kwa funguo kati ya simu na nyumba. Kupitia hiyo simu yako inaingia kwenye mtandao wa nyumbani kana kwamba umekaa sebuleni, na 8123, 554, pompi, inverta, vyote unavifungua kwa anwani zao za ndani. WireGuard ina tabia moja nzuri sana kwa kazi hii: asiye na ufunguo hapati jibu lolote, hata la kukataliwa. Anayepekua anaona kimya, hawezi hata kujua kuna kitu.

Ukiwa na anwani ya umma

Anza kwa kubadilisha anwani za ndani ya nyumba. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoleta lile lalamiko la "VPN imeunganika lakini hakuna kinachofunguka". Nyumba yako ikiwa 192.168.1.0 na Wi-Fi ya kambi unakolala Kolwezi nayo ni 192.168.1.0, simu ikiitafuta 192.168.1.20 itaitafuta palepale kambini. Weka nyumbani kitu kisicho cha kawaida, kwa mfano 192.168.50.0/24. Fanya hivyo kabla ya kupanga mengine, maana kila kamera yenye anwani iliyoandikwa kwa mkono itabidi uiguse upya.

Kisha ipe Raspberry Pi, au mashine yoyote itakayobeba WireGuard, anwani ya kudumu. Usiiandike ndani ya Pi. Ifungie kwenye DHCP ya ruta (sehemu inayogawa anwani za ndani) kwa kutumia MAC yake, namba ya kiwandani ya kifaa, tuseme 192.168.50.10. Umeme ukikatika na kurudi, vifaa huwaka kwa mpangilio tofauti, na bila kufungia, 192.168.50.10 ya jana leo inaweza kuwa televisheni.

Kwenye TP-Link nenda sehemu ya juu ya mipangilio ("Avancé"), halafu NAT, halafu "Serveurs virtuels" au "Redirection de port" kulingana na toleo. Poti ya nje 51820, poti ya ndani 51820, anwani ya ndani 192.168.50.10, itifaki UDP. Ukiacha TCP hapo haitafanya kazi, kwa sababu WireGuard haitumii TCP hata kidogo. Ukiwa kwenye sehemu hiyo hiyo ya NAT, zima UPnP. UPnP ikiwa imewashwa, kamera yoyote ya bei rahisi inaweza kuiomba ruta iifungulie poti, na ruta itakubali bila kukuuliza. Angalia pia orodha ya sheria za zamani na ufute kila usiyoijua.

Ukiwa na MikroTik yenye RouterOS 7, huhitaji hata kuelekeza poti, kwa sababu WireGuard imo ndani ya ruta:

`/interface wireguard add name=wg-nyumba listen-port=51820 mtu=1280`
`/ip address add address=10.77.0.1/24 interface=wg-nyumba`
`/interface wireguard peers add interface=wg-nyumba public-key="UFUNGUO_WA_SIMU" allowed-address=10.77.0.3/32`
`/interface list member add interface=wg-nyumba list=LAN`
`/ip firewall filter add chain=input action=accept protocol=udp dst-port=51820`

Amri ya mwisho ndiyo inayowakwamisha watu. Ukuta wa moto wa MikroTik husomwa kutoka juu kwenda chini, na mpangilio wa kiwandani una sheria inayotupa kila kisichotoka LAN, yaani mtandao wa ndani. Sheria mpya huongezwa chini ya hiyo, kwa hiyo haifikiwi. Fungua Winbox, iburute juu ya ile ya kutupa, na uangalie kihesabu cha pakiti (vipande vya ujumbe) kando yake: simu ikijaribu kuunganika, namba ipande. Ikibaki sifuri, ujumbe haufiki kwenye ruta na tatizo liko mbele zaidi. Amri ya nne nayo usiiache, maana bila wg-nyumba kuwa ndani ya orodha ya LAN utaunganika lakini ukurasa wa ruta na DNS yake havitakujibu.

Jina la DDNS: kwenye MikroTik ni `/ip cloud set ddns-enabled=yes`, na jina linatokea hapo hapo. Kwingine DuckDNS inatosha na ni ya bure. No-IP ya bure hukutaka uthibitishe jina kila siku 30. Ukisahau, nyumba inapotea mtandaoni siku ambayo uko mgodini. Jua pia kwamba programu ya WireGuard kwenye simu hulitafsiri jina kuwa namba pale tu unapowasha handaki. Anwani ya nyumbani ikibadilika ukiwa umeunganika, handaki linakaa kama limewaka na hakuna kinachopita. Lizime, liwashe tena.

Kupima kuna mitego miwili. Usipime ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani: ruta nyingi haziwezi kurudisha ndani ujumbe uliotumwa kwenye anwani yao wenyewe ya nje, kwa hiyo utaambiwa imeshindikana wakati iko sawa. Zima Wi-Fi, tumia data ya laini. Na usiamini tovuti za kupima poti. Nyingi hupima TCP, na hata zinazopima UDP hazitapata jibu kwa sababu WireGuard hainyanyui kichwa kwa asiye na ufunguo. Kipimo cha kweli ni kwenye programu yenyewe, au `wg show` upande wa nyumbani: ukiona muda wa salamu ya mwisho ("latest handshake") ni sekunde chache zilizopita, mlango umefunguka. Baiti zilizotumwa zikipanda na zilizopokewa zikabaki sifuri, aidha poti haifiki, aidha ufunguo wa wazi uliobandikwa ni wa upande usio wake. Kubadilishana funguo ni jambo la kawaida sana. Kila upande unabeba ufunguo wa siri wake na ufunguo wa wazi wa mwenzake.

Bila anwani ya umma: nyumba ndiyo ipige simu

Hii ndiyo hali ya nyumba nyingi zinazotumia 4G mjini, na haina ubaya wowote ukishaielewa. Kama ujumbe hauwezi kuingia, acha nyumba itoke. Unahitaji mahali pa kukutania penye anwani ya umma: seva ndogo ya kukodi, ya mega 512 au gigabaiti 1 ya RAM, kwa dola 5 hivi kwa mwezi. Inalipwa kwa kadi ya benki, kwa hiyo hakikisha kadi yako inaruhusu malipo ya nje. Seva ya Johannesburg inaonekana karibu kwenye ramani, lakini njia ya mtandao si barabara ya Kasumbalesa. Pima kwa `ping` kutoka laini yako kwenda Johannesburg na kwenda Ulaya kabla ya kuchagua.

Kwenye seva, `/etc/wireguard/wg0.conf`:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = SIRI_YA_SEVA

# nyumba
[Peer]
PublicKey = WAZI_YA_NYUMBA
AllowedIPs = 10.77.0.2/32, 192.168.50.0/24

# simu
[Peer]
PublicKey = WAZI_YA_SIMU
AllowedIPs = 10.77.0.3/32
```

Kwenye Pi nyumbani:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.2/24
PrivateKey = SIRI_YA_NYUMBA
MTU = 1280

[Peer]
PublicKey = WAZI_YA_SEVA
Endpoint = ANWANI_YA_SEVA:51820
AllowedIPs = 10.77.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa mwisho ndio unaoibeba nyumba. Mashine ya kampuni ya simu hukumbuka mazungumzo ya UDP kwa muda mfupi, mara nyingine nusu dakika tu, kisha huyasahau. Kila sekunde 25 Pi inatuma pakiti ndogo ili njia ya kurudi isifungwe. Ukiuacha, kila kitu kitafanya kazi wakati unapanga, na kitakufa dakika chache baada ya wewe kuondoka. Kuhusu mega usiogope: pakiti hizo pamoja na salamu za kila dakika mbili hazifiki mega 20 kwa mwezi mzima.

MTU ya 1280, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, nayo iache. Ya kawaida ni 1420, na kwenye baadhi ya laini za 4G pakiti za ukubwa huo hupotea njiani. Dalili yake unaitambua upesi: `ping` inapita, ukurasa mdogo unafunguka, lakini video ya kamera au ukurasa mzima wa Home Assistant unabaki mweupe.

Mashine zote mbili, seva na Pi, zinahitaji ruhusa ya kupitisha pakiti za wengine: `net.ipv4.ip_forward=1` ndani ya `/etc/sysctl.d/99-wireguard.conf`, kisha `sysctl --system`. Kwenye seva ruhusu kinachotoka handakini kirudi handakini, yaani kutoka simu kwenda nyumba. Kama ukuta wa moto wa seva ni ufw:

`ufw allow 51820/udp`
`ufw route allow in on wg0 out on wg0`

Baadhi ya wauza seva wana ukuta wa moto mwingine kwenye ukurasa wa mteja, nje ya seva yenyewe. Fungua UDP 51820 na huko.

Kwenye Pi ongeza hii:

`iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.77.0.0/24 -o eth0 -j MASQUERADE`

Bila hiyo utaifikia Pi lakini si kamera. Kamera ikipata ombi kutoka 10.77.0.3 haijui hiyo ni nani. Itajibu kupitia modemu, na modemu itaitupa. Kwa amri hiyo kamera inadhani aliyeuliza ni Pi. Iweke ndani ya wg0.conf kama mstari wa PostUp, la sivyo itapotea Pi ikizimika.

Upande wa simu weka AllowedIPs kuwa `10.77.0.0/24, 192.168.50.0/24`. Usiweke 0.0.0.0/0, maana YouTube yako yote itapita kwenye seva bila sababu.

Asiyetaka kugusa amri atumie Tailscale, huduma inayojipangia WireGuard yenyewe. Ipo kama nyongeza ndani ya Home Assistant, inapenya yenyewe CGNAT (ile anwani ya pamoja ya kampuni), na kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Anwani zake nazo huanza na 100, kwa hiyo usizichanganye na zile za kampuni ya simu wakati wa kupima. Home Assistant Cloud ni dola 6.50 kwa mwezi, inatoa ukurasa wa Home Assistant bila poti yoyote, lakini haikufikishi kwenye kinasa picha wala kwenye ruta. Mimi bado napendelea seva ndogo, kwa sababu siku kitu kikikwama naweza kuangalia kila hatua ya njia.

Umeme ukikatika

Delestaji ndiyo itakayoipima kazi yako. SNEL ikikata umeme, mlolongo mzima lazima ubaki hai: modemu, ruta, swichi ya kamera, Pi. Modemu ya 4G hula wati 8 hivi, Pi 4 wati 5. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 18 ina Wh 216. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, ni Wh 108, sawa na saa 7 hadi 8 kwa vifaa hivyo viwili. Usiunganishe modemu moja kwa moja kwenye betri: wakati wa kuchaji inafika volti 14.4, na modemu iliyoandikwa 12 haikutengenezwa kwa hilo. Weka kidhibiti kinachotoa volti 12 imara, na kingine cha volti 5.1 na ampea 3 kwa ajili ya Pi. Waya wa Pi uwe mfupi na mnene, la sivyo volti hushuka njiani na Pi inaanza kujizima.

Kuna hitilafu moja inayosumbua sana na wachache wanajua chanzo chake. Pi 4 na za kabla yake hazina saa inayoendelea wakati zimezimika. Pi 5 ina saa lakini betri yake ndogo inanunuliwa kando. Ikiwaka, Pi inadhani ni wakati ule ilipozimika. WireGuard huweka muda ndani ya kila salamu na hukataa salamu yenye muda wa nyuma kuliko ya mwisho iliyopokewa, ili mtu asirudie ujumbe ulioibwa. Kwa kawaida Pi hurekebisha saa kwa NTP (kuuliza seva ya saa mtandaoni) ndani ya dakika moja na handaki linarudi. Lakini mtu akiwa ameelekeza DNS ya Pi (kutafsiri majina kuwa namba) ipite ndani ya handaki, Pi haiwezi kulipata jina la seva ya saa mpaka handaki liwake, na handaki haliwaki mpaka saa iwe sahihi. Itabaki hivyo hadi mtu afike nyumbani. Acha DNS ya Pi nje ya handaki, na ununue moduli ya saa ya DS3231. Ni ya bei ndogo na inamaliza habari hiyo.

Modemu za 4G zenyewe hukwama. Wengi huweka soketi ya Wi-Fi ili kuizima na kuiwasha modemu kutoka mbali, wakisahau kwamba soketi hiyo inaongea kupitia modemu ile ile. Ukiizima, umekata na sauti yako mwenyewe. Tumia soketi ya Shelly na uweke ndani yake kipima muda cha kujiwasha: ikizimwa, ijiwashe yenyewe baada ya sekunde 20. Kisha mpe Home Assistant kazi ya kuangalia 1.1.1.1 na 8.8.8.8, seva za Cloudflare na Google, kila dakika 5. Zote mbili zikikosa jibu mara tatu mfululizo, izime soketi. Weka kikomo cha mara moja kwa saa, kwa sababu tatizo likiwa kwenye mnara wa kampuni, kuizima modemu usiku kucha ni kuichosha tu.

Mega za kamera

Kamera moja kwa megabiti 2 kwa sekunde inameza mega 900 kwa saa. Mtu akiacha skrini wazi ofisini Kolwezi, kifurushi cha nyumbani kinaisha kabla ya jioni, na mega zikiisha handaki nalo linakufa, geti na pompi pamoja. Karibu kila kamera ina mkondo wa pili wa video, mdogo. Uweke 640 kwa 360, kilobiti 256, na huo ndio uutazame kwa mbali. Ni mega 115 kwa saa, na sura ya aliye getini inatambulika. Mkondo mkubwa uachie kinasa kirekodi ndani ya nyumba, ambako haugusi kifurushi.

Kila simu iwe na ufunguo wake na anwani yake: yako 10.77.0.3, ya mama wa nyumba 10.77.0.4, ya mtoto aliye Likasi 10.77.0.5. Msinakiliane faili moja, kwa sababu simu mbili zenye ufunguo mmoja zitanyang'anyana njia na zote zitakatika-katika. Na simu ikiibiwa, unaingia kwenye seva, unaandika `wg set wg0 peer WAZI_YA_SIMU remove`, unaufuta ufunguo huo na ndani ya wg0.conf ili usirudi seva ikiwashwa upya, na nyumba inaendelea na kazi bila mwingine yeyote kuguswa.